Kujifunza Gari kwa Masikio

Leo naweka programu kando kidogo (nitazirudia kuelekea mwisho, msikimbie) ili nizungumzie magari.

Vijana ninaofanya nao kazi huniuliza mara kwa mara kwa nini bado naendesha gari la gia za mkono. Wana haki ya kuuliza. Magari mengi yanayoingia Kenya ni mitumba kutoka Japani, na mengi yake hujibadilishia gia yenyewe. Siku hizi hata leseni ina daraja la gari dogo la otomatiki peke yake. Mtu anaweza kuendesha mpaka azeeke bila kuijua klachi. Huwa nawajibu kwa mzaha kwamba mimi ni mzee wa zamani, tunacheka, tunarudi kwenye tarakilishi zetu. Lakini jibu kamili lipo, na linaanzia Voi mwaka wa 1992, ndani ya pikapu ya Datsun 1200.

Kwa wasioijua Voi: ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, katikati ya mbuga ya Tsavo, vilima vya Sagala na mashamba ya mkonge. Udongo wake ni mwekundu kiasi kwamba hata ndovu wa huko ni wekundu, kwa kujimwagia vumbi. Miaka hiyo mji uliishi kwa mambo mawili, reli na malori. Baba alikuwa fundi wa reli, na pikapu ndiyo iliyotuongezea unga. Jumamosi ilibeba maji, makaa, saruji, mbuzi, na mara moja kitanda cha bibi harusi pamoja na bibi harusi mwenyewe.

Datsun 1200 ilikuwa gari dogo sana. Injini yake ilikuwa ya sisi 1,171, gia nne za kwenda mbele, kabureta, na hakuna chochote ndani yake ambacho leo tungekiita kompyuta. Fundi mwenye spana chache na waya angeweza kuifanya itembee. Baba aliipenda kwa sababu nyingine pia: Shekhar Mehta, Mkenya aliyeshinda mashindano ya Safari mara tano, mwaka wa 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, alishinda zote tano akiendesha Datsun. Yale yalikuwa magari ya mashindano na letu lilikuwa la kubeba makaa, lakini kwa Baba jina lilitosha.

Kabla hamjanikemea: sheria ya Kenya haimruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuendesha gari barabarani, na Baba aliijua vizuri. Nilikuwa na miaka 13. Tulijifunzia kwenye njia za ndani za shamba la mkonge, kwa ruhusa ya msimamizi, Jumapili alasiri wakati hakuna mtu wala trekta. Njia zenyewe zilikuwa zimenyooka kama rula, mkonge huku na huku. Msimwige Baba kwenye barabara ya umma.

Somo la kwanza halikuwa la kuendesha. Nilikalia kiti cha abiria, Baba akaniambia nifumbe macho. Akawasha gari.

"Sikiza. Hii ndiyo sauti yake ikiwa haina kazi."

Akakanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza, akaanza kuiachilia polepole. Sauti ilishuka, ikawa nzito, kama mtu aliyetwikwa gunia.

"Umesikia? Hapo ndipo klachi inaposhika. Usiutazame mguu wako hata siku moja. Mguu hauna habari. Habari iko kwenye injini."

Ngoja nieleze kinachotokea hapo, maana wengi huendesha miaka mingi bila kuambiwa. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja nayo. Kati yake na giaboksi kuna kisahani kilichovikwa kitambaa kigumu cha msuguano, jamaa wa kile kilicho kwenye breki. Klachi ikiachiliwa, springi hukikandamiza kisahani kwenye gurudumu na nguvu hupita kwenda kwenye magurudumu ya gari. Ukikanyaga, vinaachana, na injini inazunguka peke yake. Kati ya kuachana na kushikana kuna nafasi finyu ambamo viwili hivyo vinasuguana bila kwenda mwendo mmoja. Gari huondoka kwa upole ukijua kukaa katika nafasi hiyo kwa muda mfupi tu. Ukipita haraka, gari linaruka kama chura na kuzima. Ukikawia, unachoma kisahani, na harufu yake haisahauliki.

Kwa Jumapili tatu sikuruhusiwa kugusa mafuta kabisa. Kazi yangu ilikuwa kuondoa gari kwa klachi peke yake, injini ikiwa katika mwendo wake wa kupumzika, kusimama, kisha kuondoa tena. Kwenye njia tambarare inawezekana, lakini haivumilii pupa. Kufikia Jumapili ya nne niliweza kusikia klachi inataka kushika kabla haijashika.

Halafu tukaingia kwenye gia, na hapo pikapu yetu ilikuwa na ulemavu wake. Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba ambazo kazi yake ni kuvisawazisha vyuma viwili vinavyozunguka kwa mwendo tofauti kabla meno yake hayajaingiana. Pete ya gia yetu ya pili ilikuwa imelika. Kupanda kutoka ya kwanza kwenda ya pili ulihitaji subira. Kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili ulihitaji ufundi: kanyaga klachi, toa gia iwe huru, achilia klachi, piga mafuta kidogo injini ipande, kanyaga klachi tena, ndipo uingize ya pili. Madereva wa malori ya zamani waliifanya kazi hiyo usiku kucha kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Kiasi cha mafuta ya kupiga hakikuandikwa popote. Unaisikiliza injini ikipanda hadi ifikie sauti ambayo ingekuwa nayo kama tayari ingekuwa kwenye gia ya pili kwa mwendo ule, na hapo hapo unaingiza. Ukipatia, gia inaingia yenyewe, kama kusukuma mlango uliorudishwa tu. Usipopatia, giaboksi inapiga yowe, na Baba anasema, "Omba msamaha." Hakuwa anatania. Ilinibidi niseme "Samahani" kwa sauti, nikiiambia pikapu. Naamini mimi ni miongoni mwa watu wachache nchini waliowahi kuiomba radhi gia ya pili.

Joto la Voi nalo lilikuwa mwalimu. Mchana wa Februari petroli ilichemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, ikageuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Injini hukohoa, kisha kimya. Dawa yake ilikuwa kitambaa kilichoroweshwa maji, kikawekwa juu ya pampu, na kusubiri kivulini. Nilijifunza kuutambua ule ukohozi na kuutofautisha na wa plagi chafu au wa tangi linaloishiwa. Sauti tatu, dawa tatu.

Tulipopanda Wundanyi kupeleka mzigo, Baba ndiye aliyeendesha na mimi nilitahiniwa. Wundanyi iko milimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na barabara inapinda kama utumbo. Sheria yake: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia, injini izuie gari, breki zipumzike. Breki zikipata moto sana hupoteza nguvu, na mteremko ule hauna subira. Alinifumbisha macho na kuniuliza, "Niko gia gani?" Nilijibu. Nilipatia karibu kila mara.

Kulikuwa na zoezi jingine ambalo nyumbani tuliliita mchezo wa Kushoto. Baba akiendesha, kila tulipokaribia makutano aliita, "Kushoto?" Nami nilijibu, "Kweupe," au "Mbuzi wawili," au "Baiskeli, inakuja." Kisha aliita, "Kulia?" ingawa dirisha la kulia lilikuwa lake mwenyewe, na mimi nilikaa mbali nalo. Nilijibu vilevile. Wadogo zangu walinionea wivu kwa sababu ya mchezo huo.

Usiku mmoja mwaka wa 1995 mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka 4, alipandwa na homa ya malaria, na ilipofika saa nne hivi akaanza degedege. Hapakuwa na simu ya kuita teksi wala teksi ya kuitwa. Mama alikaa dirishani akiwa amempakata, mimi nikakaa katikati, goti langu likigusana na mti wa gia, Baba akawasha.

Mitaani tulienda vizuri, kwa gia ya pili. Tulipotokea kwenye barabara kuu, lori lilikuwa linakuja na taa zake zote. Baba alipunguza, akasogea ukingoni, akasimama. Lori likapita. Hakuondoka. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Niambie," alisema.

Safari hii hakuita Kushoto wala Kulia. Nilimtazama, nikamtazama Mama, na Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie vizuri, mwanangu."

Nikamwambia. Ukingo wa lami uko hatua mbili kutoka gurudumu la kushoto. Nyuma kuko kweupe. Ondoka. Nyoosha. Kuna mtu wa baiskeli hana taa, polepole, bado, bado, tumempita. Lori jingine, liko mbali, taa zake ni za chini. Kulia kidogo. Geuza sasa. Mambo yote ya miguu na gia aliyafanya mwenyewe bila kusitasita hata mara moja, akizibadilisha zile gia kwa upole kuliko siku zote, maana kulikuwa na mtoto. Nilikuwa macho yake hadi lango la hospitali. Ni mwendo wa dakika kumi. Bado naukumbuka kila mita yake.

Mdogo wangu alipona. Leo ni mwalimu, na ana watoto wawili.

Wiki chache baadaye Mama alimpeleka Baba Mombasa kwa daktari wa macho. Ugonjwa wake ni glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Mshipa unaopeleka habari kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo hufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu ya shinikizo la maji ndani ya jicho. Hauumi. Huanza kula pembeni, na kwa kuwa katikati bado panaonekana safi, mtu husoma gazeti na kuamini kwamba yuko salama. Kilichopotea hakirudi. Dawa za matone na upasuaji huweza kulinda kilichobaki, na Baba alipofika kwa daktari kilichobaki kilikuwa kidogo.

Ndipo alipotueleza. Alianza kugundua mwaka wa 1991 kwamba watu wanamtokea ghafla barabarani, kana kwamba wamechipuka ardhini. Hakumwambia mtu. Fundi wa reli asiyeona pembeni ni fundi asiye na kazi, na kazi za reli miaka hiyo zilikuwa zikipungua hata kwa wenye macho. Mwaka uliofuata alianza kunifunza gari.

Hakuwahi kuniambia kwa nini alinifunza nikiwa nimefumba macho, na sikuwahi kumuuliza. Nadhani alikuwa akinipa njia ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuitumia, na akiijaribu kama inafaa.

Nilipotimiza miaka 18, mwaka wa 1997, nilikwenda kwenye mtihani wa leseni. Waliofanya mtihani Kenya wanaujua ule ubao wenye mji wa kuchorwa, mizunguko, vivuko, na kigari cha kuchezea unachokisukuma kwa kidole ukieleza unakwenda wapi na utampisha nani. Baada ya ubao, barabarani. Nilipita. Jioni hiyo Baba aliutoa ufunguo wa Datsun kwenye mnyororo wake wa funguo, akauweka mezani mbele yangu, akaendelea kula. Hakuendesha tena. Mzigo wa Jumamosi ukawa wangu hadi nilipokwenda chuoni, na baada yangu ukawa wa mdogo wangu aliyenifuata.

Sasa turudi kwenye programu, kama nilivyoahidi.

Chini ya usukani wa magari ya kisasa kuna tundu la kuunganishia kifaa cha uchunguzi. Marekani ililazimisha mfumo wake wa sasa kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Unanunua kifaa kidogo cha bei nafuu, unakichomeka, na simu yako inaweza kuliuliza gari maswali. (Angalizo: baadhi ya mitumba iliyoundwa kwa soko la Japani hujibu maswali machache tu.) Ukituma 01 0C, unauliza mzunguko wa injini. Jibu linaweza kuwa 41 0C 1A F8. Chukua baiti mbili za mwisho, yaani 26 na 248. Zidisha ya kwanza kwa 256, jumlisha ya pili, gawanya kwa 4. Unapata mizunguko 1,726 kwa dakika. Ukituma 01 0D unapata mwendo wa gari kwa kilomita kwa saa.

Mwanangu wa kiume alipofikia umri wa leseni, nilimwandikia programu fupi inayogawanya namba ya kwanza kwa ya pili na kuchora mstari. Klachi ikiwa imeshika sawasawa, jibu la mgawanyo huo halibadiliki ndani ya gia moja, hata ukienda polepole au haraka. Kwenye gari langu ni karibu 130 kwa gia ya kwanza na karibu 70 kwa ya pili. Mstari unakuwa kama ngazi: kipande tambarare, unashuka, kipande tambarare kingine. Kati ya ngazi na ngazi mstari unayumba, na hapo ndipo kisahani kinasuguana. Kuondoka vibaya kunaonekana. Kuunguza klachi kunaonekana. Kushuka gia bila kupiga mafuta kunaonekana kama jino lililovunjika.

Kijana aliifurahia sana, na ilimsaidia. Lakini tazama udhaifu wake. Kifaa changu hujibu mara chache tu kwa sekunde, na simu huchora baadaye kidogo. Mstari unapoyumba, jambo limekwisha kutokea. Sikio hupokea habari hiyo hiyo bila kukatika, na mguu hurekebisha kabla mtu hajafikiri. Kwa hiyo baada ya wiki moja niliizima simu, tukatafuta njia tambarare, nikamwambia afumbe macho kwenye kiti cha abiria.

Hilo ndilo jibu langu kwa vijana wa ofisini. Gia za mkono hazikufanyi kuwa dereva bora kuliko mwenye otomatiki. Ila zinakulazimisha kuisikiliza mashine ikieleza hali yake, na tabia hiyo imenifaa kazini kuliko kitabu chochote. Seva inayoelemewa husema kabla haijaanguka. Majibu huchelewa kidogo, foleni hurefuka, diski hufanya kazi usiku wakati hapana mteja. Mtu aliyezoea kusubiri taa nyekundu hupata habari akiwa amechelewa.

Baba bado yuko Voi. Hana mwanga tena isipokuwa kujua kama ni mchana au usiku. Nikienda nyumbani humpeleka matembezi kwa gari, jioni jua likipoa, hadi upande wa Mwatate na kurudi. Hukaa kushoto, dirisha wazi, mkono nje. Haulizi tena kuna nini pembeni. Husikiliza. Mwezi wa Desemba nilipokuwa nikishuka kwenye makutano nilipiga mafuta kidogo kabla ya kuingiza ya pili, mazoea tu, maana gari hili pete zake ni nzima na halihitaji. Akatabasamu, akaniambia, "Si lazima, lakini linashukuru."

Ndugu msomaji, jambo la mwisho, nalo si la magari. Glakoma hutembea katika familia. Kama mzazi, kaka au dada yako anayo, hatari yako ni kubwa kuliko ya mtu mwingine, na sisi Waafrika huupata zaidi na mapema zaidi. Kipimo chake ni kifupi na hakiumi. Ukishafika miaka 40 nenda upimwe, na kama uko kwenye ukoo kama wangu usisubiri miaka hiyo. Mimi hupimwa kila mwaka, na ndugu zangu vilevile. Mpaka sasa pembeni zetu zote ziko kweupe.

Tukutane wakati mwingine, na safari hiyo nitaandika kuhusu kompyuta kama ilivyo ada.